Nyumba ya babu Lushoto inatutesa kwa baridi: tufunge mtambo gani?

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mtoto wa tatu kati ya wanne, naishi Ngamiani, Tanga mjini. Baba alipofariki, mama alikataa kubaki mjini, akarudi kwenye nyumba ya ukoo iliyo juu ya Lushoto, upande wa Magamba. Anaishi na mjukuu wake anayesoma sekondari na dada mmoja wa kazi. Sisi wengine tunapanda mlima mwisho wa mwezi, na sikukuu nyumba inajaa.

Nyumba yenyewe ni ya zamani. Babu aliinunua mwaka 1964 kwa mlowezi mmoja aliyekuwa anaondoka. Kuta ni za mawe, nene kiasi kwamba mtoto anaweza kukaa dirishani akasoma. Paa ni la bati. Dari ni ya mbao, lakini vyumba viwili mbao zimeliwa na mchwa, ukiinua kichwa unaona bati. Sebuleni kuna meko ya ukutani yenye dohani, ila babu aliiziba kwa matofali kwa sababu ndege walikuwa wanajenga humo. Ukuta wa nyuma, unaotazama mlima, una ukungu mweusi mpaka usawa wa kiuno. Tuliupiga plasta mpya ya saruji na rangi, ukungu ukarudi.

Shida kubwa ni baridi. Kuanzia Juni mpaka Agosti mama analala na mablanketi matatu na bado magoti yanamuuma, maana ana baridi yabisi. Maji yanatoka kwenye chemchemi, ukiyagusa asubuhi mikono inakufa ganzi. Dada anaamka saa kumi na moja alfajiri kuchemsha ya kuoga kwa kuni. Usiku mama anaingiza jiko la mkaa chumbani kwake. Tukimsema, anajibu kwamba mkaa ukishaiva hauna moshi, kwa hiyo hauna neno.

Tumekaa kikao cha familia, hatukuelewana. Kaka mkubwa yuko Ujerumani, anataka tuweke mfumo kamili kama wa kwake: mtambo mmoja unaopasha maji, yanazunguka kwenye rejeta za kila chumba, na bafuni yanatoka ya moto muda wote. Yuko tayari kuchangia. Dada yetu aliyeko Dar anasema hayo ni makubwa mno, tununue hita za kuchomeka ukutani na shawa za umeme kama alizonazo yeye. Fundi tuliyempata Tanga anakubaliana naye. Anasema atafunga shawa mbili za kilowati 5.5 na kazi itakwisha kwa siku moja. Mdogo wetu anataka sola. Mimi ndiye msimamizi na nimeshachanganyikiwa.

Umeme upo, wa fezi moja, ila jioni taa hufifia. Maji yanaingia kwenye tangi la lita 1,000 lililo kwenye mwinuko nyuma ya nyumba. Tumekusanya milioni sita, bila hela ya kaka. Kipupwe kinakuja. Tuchague lipi? Na mama tumwambieje kuhusu lile jiko?

Mtoto wa tatu, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Poleni kwa msiba wa baba, na hongereni kwa kumtafutia mama raha yake mahali alipopachagua mwenyewe.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu hilo halisubiri kikao. Jiko la mkaa litoke chumbani kwa mama leo. Piga simu sasa, halafu ndiyo urudi kusoma yaliyobaki. Mama anasema kweli kwamba mkaa ulioiva hauna moshi, na hapo ndipo hatari ilipo. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikwaruzi koo. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anavuta pumzi kama kawaida huku mwili unanyimwa hewa. Aliye macho ataona kichwa kinauma, kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala haoni kitu. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea, na ile sufuria ya maji wanayoiweka watu juu ya jiko haizuii chochote. Nyanda za baridi za nchi yetu zimeshazika watu wengi kwa sababu hii hii.

Namna ya kumwambia: usimwambie amekosea. Mwambie wewe hupati usingizi huko Tanga ukijua jiko liko ndani. Halafu mpe mbadala siku hiyo hiyo, maana ukimnyang'anya mtu mzima joto lake bila kumpa lingine, atalirudisha jiko ukishashuka mlima. Mnunulie mifuko miwili ya mpira ya maji moto. Maji yasiwe ya kuchemka, mfuko uvalishwe kitambaa, uingizwe kitandani nusu saa kabla hajalala, mmoja miguuni na mwingine kwenye magoti. Kitanda kihame kutoka ukuta wa nje kiegemee ukuta wa katikati ya nyumba. Ukuta wa mawe uliopoa unavuta joto la mwili hata kama hajaugusa, na kwa mwenye baridi yabisi hiyo peke yake ni tofauti ambayo ataihisi.

Sasa mtambo. Nimesoma mapendekezo yenu yote, na naona nyote wanne mnabishana kuhusu namna ya kuleta joto ilhali nyumba haina uwezo wa kulitunza. Vyumba viwili vinaangalia bati. Kupasha nyumba ile kama ilivyo leo ni kujaza maji kwenye pakacha, na haijalishi maji yatoke kwa mtambo wa kaka au hita ya dada. Halafu mmeunganisha kazi mbili zisizofanana. Kupasha nyumba ni suala la miezi mitatu au minne, tena jioni na usiku. Maji moto ni ya kila siku mwaka mzima. Kila kazi ina jibu lake, na hela yenu itafika mbali mkizitenganisha.

Tuanzie juu. Hewa ya joto inapanda, ikifika kwenye bati inakwenda zake. Bati tupu linapitisha joto zaidi ya mara kumi ya dari iliyotandikwa pamba ya kioo ya unene wa sentimita 5. Ukitaka kuthibitisha, ingia chumba kimojawapo kisicho na dari alfajiri ya Julai, upapase chini ya bati: utakuta matone. Ni pumzi na mvuke wa watu waliolala, umepanda ukakutana na bati lililopoa ukageuka maji. Matone hayo yanadondokea magodoro na ndiyo yanayoozesha mbao. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa ni dari: toa mbao zilizoliwa, tibu mchwa, piga mpya, na juu yake tandika kitu cha kuzuia joto. Pamba ya kioo ikipatikana Tanga au Dar, chukua. Fundi avae glavu na barakoa. Ikikushinda bei, maskimu ya mpunga kule Mombo yana pumba mnayoipita kila mkipanda mlima. Pumba kavu kabisa, iliyopepetwa vumbi, ikajazwa kwenye viroba na kulazwa juu ya dari kwa unene wa sentimita 15, inazuia joto vizuri. Masharti ni mawili na hayana mjadala: isikaribie dohani kwa chini ya mita moja, na isilalie nyaya za umeme. Panya nao wazibiwe kwanza.

Madirisha hayana gharama kubwa. Ziba nyufa za fremu kwa chokaa au silikoni, vibao vya nje vya madirisha virudishwe kama bawaba bado zipo, pazia ziwe nzito na zifike sakafuni. Chini ya mlango wa nje piga ubao wenye mpira.

Ule ukuta wa nyuma nataka uushughulikie kwa makini, kwa sababu hapo mmetumia hela na tatizo likabaki. Nyumba za mawe za zamani zilijengwa kwa udongo au chokaa, vitu vinavyoruhusu unyevu kupita na kukauka. Ukizipiga saruji, maji yanayopanda kutoka ardhini yanakosa pa kutokea, yanabaki ndani ya ukuta na kupanda juu zaidi. Ukuta wenye maji haupati joto, maana joto lote linaishia kukausha maji. Nenda nyuma ya nyumba uangalie: bila shaka udongo wa mlima umeshuka miaka yote hii ukafika juu ya usawa wa sakafu. Uchimbwe na kuondolewa, uwekwe mtaro wa mawe wa kupeleka maji pembeni, na bati lipate mfereji wa kukinga mvua. Bandua plasta ya saruji mpaka juu ya ukungu, uache ukuta wazi ukauke kiangazi kizima, kisha piga plasta ya chokaa na mchanga na upake chokaa. Chokaa inachomwa hapo hapo Tanga, huna haja ya kuagiza mbali. Kazi hii haitamaliza baridi ya mwaka huu, lakini msipoifanya, mtambo wowote utakaoufunga utakuwa unapigana na ukuta huo.

Ndipo tuje kwenye moto wenyewe. Msipashe nyumba nzima. Kuta nene kama zile zinachukua saa nyingi kupata joto, na mkianza jioni kila chumba, mtafika usiku wa manane bado mnapasha mawe. Chagueni sebule na chumba cha mama, na kama chumba chake hakipakani na sebule, mhamishieni kinachopakana nayo. Sebuleni mna hazina mliyoizika kwa matofali: ile dohani. Ifunguliwe, isafishwe, ikaguliwe kutoka juu mpaka chini kwa tochi. Fundi awashe gazeti mekoni: moshi ukipanda moja kwa moja ni heri, ukirudi ndani au ukiona unapenya kwenye nyufa za darini, irekebishwe kwanza. Mdomo wa dohani uwe juu ya kilele cha paa kwa zaidi ya nusu mita, uwekwe kofia na wavu wa ndege.

Ila msiwashe kuni wazi pale mekoni kama mlowezi alivyokuwa akifanya. Moto wa wazi unapeleka sehemu kubwa ya joto lake angani na kuvuta hewa ya baridi iingie kwenye kila ufa. Mchongesheni jiko la chuma lenye mlango, likae ndani ya meko, bomba lake liingie kwenye dohani. Mafundi wa kuchomelea wa Lushoto na Korogwe wanaweza kulitengeneza. Waambie chuma kiwe cha milimita 4 au 5, ndani kupangwe matofali ya kuchoma, mlango ubane, na pawe na kidirisha cha chini cha kuongeza na kupunguza hewa. Jiko la mlango lililotengenezwa vizuri linakupa joto mara tatu na zaidi ya moto wa wazi kwa kuni zile zile. Juu liwe bapa, ili lipokee birika au debe la maji. Likiwashwa saa kumi na moja jioni, saa mbili usiku sebule inakalika bila blanketi, na mlango wa chumba cha mama ukiachwa wazi anapata sehemu yake. Kabla ya kulala moto uachwe ufe wenyewe, na bomba lisizibwe kamwe makaa yakiwa bado mekundu, kwa sababu ile ile niliyokuambia mwanzo.

Kuni ziwe kavu. Hili watu wa milimani wanalijua lakini wanalipuuza. Mkaratusi au mgrivea uliopasuliwa mwaka huu ni wa kipupwe cha mwaka ujao. Kuni mbichi inatumia moto wake mwenyewe kukausha maji yake, na masizi yake yanaganda ndani ya dohani mpaka siku moja yawake. Kwa mwaka huu nunueni mabanzi makavu ya viwanda vya mbao vya upande wa Shume, na nyuma ya nyumba mpande miti yenu ya kuni. Msitu wa hifadhi wa Magamba usiguswe. Chemchemi inayowanywesha inategemea misitu ya mlima ule.

Kaka yenu anastahili jibu la heshima, maana anachosema si upuuzi. Kwao baridi inashuka chini ya sifuri na kukaa miezi, kwa hiyo rejeta za kila chumba ni lazima. Siku hizi wengi huko wanafunga pampu ya joto, ambayo kwa yuniti moja ya umeme inaweza kukupa yuniti tatu za joto kwa kulivuta kutoka hewani. Ni chombo kizuri. Lakini Lushoto usiku wa Julai unakaribia nyuzi 10, haugandi. Mtapasua kuta za mawe kupitisha mabomba, mtanunua mtambo unaotaka umeme uliotulia, na siku kadi yake ya elektroniki ikiungua kwa sababu ya umeme kupanda na kushuka, fundi na kipuri mtavitafuta mbali. Kwa miezi mitatu ya jioni zenye baridi, sioni sababu.

Hita za kuchomeka za dada yenu nazo zipigiwe hesabu. Hita moja ya kilowati 2 ikiwaka saa tano kila usiku inakula yuniti 10. Kwa mwezi ni yuniti 300. Kama mama yuko kwenye bei nafuu ya TANESCO ya wanaotumia yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi, atakuwa ameimaliza ndani ya siku nane. Hita moja ndogo ya chumbani, ya kuwasha nusu saa mama anapovaa asubuhi, hiyo sina ugomvi nayo.

Maji moto. Hapa nataka ukae na fundi wako wa shawa umwonyeshe hesabu. Shawa ya papo kwa papo haina akiba, inapasha maji yanapopita. Kilowati 5.5 zikichukua maji ya Tanga mjini yenye nyuzi 26 na kuyafikisha 40, zinakupa lita tano na nusu kwa dakika, mtu anaoga akafurahi. Chukua maji ya chemchemi yenye nyuzi 16 uyafikishe 40 hizo hizo, unapata lita 3 na kidogo. Sasa ongeza taa zinazofifia jioni. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, nguvu ya hita haishuki kwa robo tu, inashuka mpaka asilimia 61, na shawa yako inabaki na lita 2 kwa dakika. Mama atasimama pale anatetemeka chini ya uzi wa maji. Kila shawa inavuta ampea 24, na mkiwasha mbili kwa pamoja nyaya za nyumba ile ya zamani sijui zitakuwa na hali gani. Zaidi ya hayo, nyingi haziwaki bila msukumo wa maji wa kutosha, na kila mita moja ya mwinuko wa tangi inakupa baa 0.1 tu (baa ni kipimo cha msukumo). Fundi wako hakudanganyi, kazi itakwisha siku moja. Ni kazi ya pwani.

Mitungi ya gesi inawezekana. Kupasha lita 100 za maji hayo hadi nyuzi 60 kunachukua kama nusu kilo ya gesi, yaani mtungi wa kilo 15 unakwenda mwezi mmoja. Hita ya gesi lazima ifungwe nje ya bafu, nayo inadai msukumo wa maji. Na mtungi unapandishwa kwa gari. Ningeiacha kama akiba ya baadaye.

Mdogo wenu ndiye aliye karibu na jibu, ingawa sola peke yake itawaangusha siku za ukungu. Fungeni sola ya maji yenye tangi la lita 150 au 200, na ndani ya tangi iwemo elementi ya umeme ya kilowati 1.5 yenye themostati (kidhibiti joto) na swichi ya saa. Msivutwe na tangi la lita 300. Jua la kipupwe likigawanywa kwenye maji mengi, yanabaki vuguvugu. Lita 100 za nyuzi 60 zikichanganywa na maji yenu ya baridi zinatoa lita 180 za kuoga, yaani ndoo tisa za lita 20. Watu watatu hawazimalizi. Siku ya ukungu, maji yakiwa yamefika nyuzi 30 tu, elementi itakamilisha lita 100 mpaka 50 kwa saa moja na nusu hivi, kwa yuniti mbili na kitu. Umeme ukiwa dhaifu inachelewa tu, lakini inafika, na haihitaji waya mnene kama wa shawa. Umeme usipokuwepo kabisa, debe liko juu ya jiko la sebuleni.

Aina ya mirija ya kioo inafaa zaidi kwenu kuliko ya bapa, kwa sababu mirija ina ombwe ndani na haipotezi joto kwenye hewa ya baridi. Ile ya bei ya chini, isiyohimili msukumo, kwenu inatosha kabisa kwa kuwa maji yanashuka yenyewe kutoka kwenye tangi. Wekeni chujio la mchanga kabla. Na mirija ijazwe maji alfajiri: ikishapigwa na jua ikiwa mikavu halafu maji ya baridi yakaingia, inapasuka.

Msiupandishe mzigo huo kwenye paa. Lita 200 ni kilo 200 kabla ya chuma na vioo, na mbao za paa lile mchwa wameshazionja. Mna mwinuko nyuma ya nyumba, utumieni. Simamisheni fremu ya chuma ardhini juu ya zege, mahali palipo chini ya tangi kubwa la lita 1,000 na juu ya bomba la bafuni. Maji yatakuja yenyewe na kushuka yenyewe, bila pampu. Hujaniambia mlima uko upande gani, kwa hiyo nenda ukaangalie, maana vioo ni lazima vitazame kaskazini. Lushoto iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na mwezi Juni jua la saa sita mchana linakuwa limelala nyuzi 28 hivi kuelekea kaskazini. Fundi wa Dar atataka kuvilaza karibu bapa kama alivyozoea. Mwambie aviinue nyuzi 25. Kiangazi mtapoteza kidogo, lakini kiangazi maji moto hamyahitaji sana. Kama mlima au miti inaziba kaskazini kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, tafuteni sehemu nyingine, au mpunguze matawi.

Bomba la maji moto liwe PPR, ile plastiki inayohimili maji moto, si plastiki ya kawaida, na livishwe sponji nene njia nzima, kisha lifunikwe lisipigwe na jua. Likiwa refu mita 20, kila asubuhi lita 3 hivi zilizopoa zitatangulia. Mama azikinge kwenye ndoo, ni maji ya kufulia. Kwenye bafu lake msisahau valvu ya kuchanganya yenye themostati, iliyofungwa kwenye nyuzi 40. Sola ya mirija siku ya jua kali inafikisha nyuzi 80, na maji ya 60 tu yanaunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache. Pia aongezewe kishikio ukutani na kiti cha plastiki cha kuogea.

Kabla ya elementi kuwashwa, fundi umeme mwenye leseni apime nyaya zote, afunge breka inayokata umeme unapovuja na fimbo ya ethi ardhini. Hiyo si nyongeza. Maji, umeme na mama yako viko chumba kimoja.

Kwa milioni zenu sita, fuata mpangilio huu: dari na dohani kwanza, halafu jiko la chuma, halafu ukaguzi wa umeme. Kinachobaki kianze mtaro wa nyuma. Sola mwachieni kaka. Mwandikie kwa upole kwamba mchango wake ndio utakaompa mama maji moto mwaka mzima, na mtumie picha za mwinuko. Mtu aliye mbali anapenda kuona kitu kamili ambacho amekilipia yeye.

Na fundi wa sola akimaliza, usimlipe salio siku hiyo. Ngoja siku yenye jua, pima maji saa kumi na moja jioni kwa kipimajoto cha maabara, kile cha homa hakifiki huko. Mtu asiyatumie usiku huo. Alfajiri fungua bomba, acha zile lita za mwanzo zipite, pima tena. Yakiwa yalikuwa nyuzi 55 na sasa yako chini ya 45, tangi au bomba halikufunikwa vizuri, arudi amalizie kazi ndipo apewe chake.

Nisalimie mama sana.

Shangazi